UZI: Kuhamia Ureno na kazi ya mtandaoni. Nafuu iko bara, siyo Lisbon, na hesabu siyo pango peke yake

Mtanga_Mlimani:

Wakuu, salaam.

Tangu mwaka jana napokea swali lilelile sirini, kutoka kwa watu tofauti: "Dada, Ulaya nchi gani ina maisha ya bei ya chini kwa mtu anayefanya kazi mtandaoni?" Nimewajibu wengi mmoja mmoja. Leo naandika yote hapa ili anayepita baadaye ayakute, na mwenye kunisahihisha anisahihishe mbele ya watu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naandika programu za mifumo ya malipo. Wateja wangu ni wawili, mmoja yuko Uholanzi na mwingine Canada. Tangu Septemba 2024 naishi Covilhã, mji wa mlimani upande wa mashariki wa Ureno, ubavuni mwa Serra da Estrela. Ni mji wa zamani wa viwanda vya sufu, sasa una chuo kikuu, na umejengwa kwenye mteremko mkali hadi manispaa imeweka lifti za kupandisha watu kutoka mtaa wa chini kwenda wa juu.

Naanza na jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema: hakuna nchi ya bei nafuu. Kuna mji wa bei nafuu, na kuna kipato kinachobaki mkononi baada ya serikali kuchukua chake. Ukisikia "Ureno ni rahisi" ukaenda kupanga Lisbon, utalia. Chumba kimoja na sebule Lisbon, wanaita T1, ni kawaida kukuta kinapita euro 1,000. Mimi T1 yangu nalipa 430, ina dirisha linaloangalia bonde zima la Cova da Beira, na intaneti ya fiba inapiga kazi bila kukatika. Nchi ni ileile, viza ni ileile, kodi ya mapato ni ileile. Kilichobadilika ni saa tatu na nusu mpaka nne za treni.

Na treni yenyewe inaleta raha. Tangu Oktoba 2024 kuna tiketi ya mwezi inaitwa Passe Ferroviário Verde, euro 20 kwa siku 30, na inakuruhusu kupanda hata Intercidades, treni za masafa marefu kati ya miji, daraja la pili, ila ukate nafasi kwanza. Nikihitaji kitu cha Lisbon, nashuka asubuhi, reli inafuata mto Tejo muda mrefu sana, nafungua kompyuta, nafanya kazi. Kwa hiyo usiogope "bara" ukadhani umejitupa porini.

Kuhusu viza ya sisi wa kazi za mtandaoni. Inaitwa D8, ilianza 30 Oktoba 2022. Sharti kubwa ni kipato kinachotoka nje ya Ureno: mara 4 ya kima cha chini cha mshahara wa huku, wastani wa miezi 3 ya mwisho. Kima hicho kimekuwa kikipanda kila Januari. 2024 kilikuwa euro 820, 2025 kikawa 870, mwaka huu wa 2026 ni 920. Mimi niliomba nikitakiwa kuonyesha 3,280. Wewe unayeomba leo unatakiwa 3,680. Hiyo ni zaidi ya milioni 10 za Kitanzania kwa mwezi, au zaidi ya laki 5 za Kenya. Juu yake huombwa akiba benki inayolingana na kima cha chini cha miezi 12, yaani 11,040 kwa sasa.

Naomba mlisome mara mbili hilo. Watu wengi wanaoniuliza wanapata dola 1,500 mpaka 2,000, na ni hela nzuri sana nyumbani, lakini hapa haifungui mlango. Tena mlango unasogea juu kila mwaka mpya. Ukichelewa kukusanya karatasi ukavuka Desemba, unapimwa kwa kima kipya.

Karatasi ni hizi: pasi, mikataba ya kazi au ankara pamoja na taarifa za benki zinazolingana nazo, cheti cha tabia njema cha polisi, bima ya safari, uthibitisho wa makazi Ureno, na namba ya mlipakodi ya Ureno, NIF, ambayo unaweza kuipata ukiwa bado nyumbani kupitia mwakilishi. Cheti cha polisi mimi nilikipitisha Wizara ya Mambo ya Nje ndipo ubalozi ukakithibitisha. Taarifa za benki ndizo zinazoangusha watu. Kama mteja anakulipa kwenye mkoba wa mtandao, wewe unahamishia benki nusu, nusu unatumia, anayekusoma kule ubalozini haoni 3,680. Anaona vipande. Miezi sita kabla ya kuomba, acha hela yote iingie benki moja, kwa jina lako, na kila kiasi kilingane na ankara yake.

Kuna D8 ya muda, hadi mwaka mmoja, na kuna D8 ya ukaazi. Hii ya pili inakupa viza ya miezi 4 ya kuingilia, halafu huku unapewa kibali cha miaka 2, kikiisha unahuisha kwa miaka 3. Ofisi inayohusika ni AIMA, idara ya uhamiaji ya huku, iliyochukua nafasi ya SEF mwishoni mwa Oktoba 2023 na kurithi mafaili laki kadhaa yaliyokuwa hayajashughulikiwa. Panga maisha yako ukijua kwamba karatasi zinaweza kuchelewa, na usikate tiketi ya kwenda msibani au harusini kabla hujajua kibali chako kiko hatua gani.

Kuhusu nyumba. Hapa ndipo nilipoumia. Unatakiwa uwe na mkataba wa nyumba kabla ya viza, maana yake unapanga nyumba usiyoiona. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka miezi 6 mbele kwa sababu sina mdhamini Mreno, na alikataa kusajili mkataba mamlaka ya kodi, wanaiita Finanças. Nikakubali kwa sababu nilikuwa nina haraka. Mkataba usiosajiliwa hauna nguvu mbele ya afisa, nikalazimika kutafuta mwingine na hela ya kwanza ikachelewa kurudi, tena haikurudi yote. Ukiona tangazo, swali la kwanza liwe: "Utasajili mkataba Finanças?" Akisitasita, ondoka.

La pili ni baridi ya ndani. Watu wa pwani tunadhani baridi ni ya nje. Nyumba nyingi za huku hazina mfumo wa kupasha joto, kuta hazijazuiliwa baridi. Januari yangu ya kwanza, saa 1 usiku, kipimajoto cha mezani kilisoma nyuzi 12 ndani ya chumba. Niliwasha hita, nikawasha birika la umeme nichemshe chai, umeme wa nyumba nzima ukajikata. Nikasimama gizani na kikombe mkononi nisielewe. Kumbe kwenye mkataba wa umeme unachagua nguvu, yangu ilikuwa 3.45 kVA, na hita na birika kwa pamoja vikikutana na jiko vinapita hapo. Wiki hiyohiyo nilivuta kabati kutoka ukutani nikakuta ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa kiuno, na kanga zangu mbili za mama zimeshika harufu. Nilinunua mashine ya kukausha unyevu, inajaza karibu lita 2 za maji kwa siku wakati wa mvua. Ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya televisheni, kabla ya meza.

Sasa matumizi yangu ya mwezi: pango 430, umeme 90 wakati wa baridi na 40 wakati wa joto, mtungi wa gesi karibu 30, maji 20, fiba 35 (mkataba wa miezi 24, ukivunja unalipa faini), chakula 230 nikipika mwenyewe, treni 20, simu 10, mhasibu 50, bima binafsi ya afya 35. Kahawa ya kusimama kaunta bado unaipata chini ya euro 1. Kwa ujumla siishi chini ya 950 na sivuki 1,100.

Ukiishia hapo utasema maisha ni mteremko: 4,100 ya wateja wangu wawili inaingia, 1,100 inatoka. Usiishie hapo. Nitaandika kuhusu kodi kwenye sehemu ya pili jioni, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonitoa jasho na nataka niiandike nikiwa nimetulia.

KijanaWaRongai:

Dada, asante sana kwa hii. Mimi niko Nairobi, nafanya kazi na kampuni ya Marekani, wananilipa dola 2,400 kwa mwezi. Kuna mtu ameniambia nitumie D7 badala ya D8 kwa kuwa D7 kiwango chake ni kima cha chini mara moja tu. Ni kweli?

Mtanga_Mlimani:

Kaka, kiwango ni kweli, 920. Lakini D7 ni ya mtu mwenye kipato kisichotokana na kazi anayoifanya sasa: pensheni, pango la nyumba zake, gawio. Kabla ya D8 kuja watu wa mtandaoni walipitia D7 kwa sababu hakukuwa na mlango wao. Sasa mlango wao upo. Ukipeleka mkataba wa kazi kwenye D7 unajitengenezea sababu ya kukataliwa, na kukataliwa kunabaki kwenye kumbukumbu zako. Kwa 2,400 ningekuambia usiombe bado. Ongeza mteja wa pili kwanza. Sikuambii hivyo kukuvunja moyo, nimeona kijana mwenzetu ameuza gari akaja kwa njia ya kubahatisha, na sasa hana gari wala kibali.

Mnyalukolo82:

Mkuu, naomba ufafanuzi kuhusu mawakala wa viza. Kuna ofisi moja hapa Dar wanataka milioni 6 "kukamilisha D8" na wanasema kipato wao watakitengeneza.

Mtanga_Mlimani:

Mkuu, kimbia. "Kutengeneza kipato" ni kughushi taarifa za benki, na anayefungwa au kupigwa marufuku ni mwenye jina kwenye pasi, siyo wakala. Ada ya viza yenyewe haifiki laki 4 za Kitanzania, hata ukiongeza tafsiri, mihuri na NIF bado uko mbali sana na milioni 6. Kama una hela ya kulipa mtu, mlipe mwanasheria aliyesajiliwa Ureno akupitie mkataba wa nyumba. Hapo hela yako imefanya kazi.

Mtanga_Mlimani:

SEHEMU YA PILI, KODI. Nisomeni taratibu.

Ukikaa Ureno zaidi ya siku 183, wewe ni mlipakodi wa Ureno, na kipato chako cha dunia nzima kinahesabiwa huku. Ule mpango wa zamani wa NHR uliokuwa ukiwatoza wageni kodi ya asilimia 20 tu kwa miaka 10 ulifungwa kwa wapya mwishoni mwa 2023, wakabaki wachache wa kipindi cha mpito. Uliokuja badala yake, IFICI, ni wa kazi maalumu, na mhasibu wangu aliniambia waziwazi kwamba mimi na wateja wangu wa nje hatuingii. Kwa hiyo video zote za YouTube za 2021 zinazosema "asilimia 20" zipuuze.

Anayejitegemea anafungua shughuli Finanças na kutoa risiti zinazoitwa recibos verdes. Kwenye mfumo rahisi, kwa kazi za kitaalamu kama yangu, wanahesabu kodi juu ya asilimia 75 ya ulichoingiza, siyo yote. Mwaka wa kwanza hiyo 75 inakatwa nusu, mwaka wa pili inakatwa robo. Inapendeza, sivyo? Lakini "mwaka wa kwanza" ni mwaka wa kalenda. Mimi nilifungua shughuli Septemba 2024. Nafuu yangu kubwa kuliko zote ikaliwa na miezi minne tu, Septemba hadi Desemba. Ningeweza kuingia Januari 2025, ningeipata kwa miezi 12 mizima. Viza yangu iliniruhusu kusubiri? Kwa sehemu, ndiyo. Hakuna aliyeniambia. Ninyi mmeambiwa.

Halafu hifadhi ya jamii. Ni asilimia 21.4 ya asilimia 70 ya unachoingiza. Kwa 4,100 ni euro 614 kila mwezi. Mwanzo unasamehewa miezi 12, na hapo ndipo mtu anapozoea maisha ambayo siyo yake.

Msamaha wangu uliisha Septemba 2025. Mwanzoni mwa Oktoba mteja mmoja akasitisha mkataba, kwa barua pepe ya mistari minne. Kipato kikashuka kutoka 4,100 hadi 2,600. Na hifadhi ya jamii inatangazwa kila robo mwaka kwa kuangalia miezi mitatu iliyopita. Tangazo la Oktoba linaangalia Julai, Agosti na Septemba, miezi ambayo nilikuwa na wateja wote wawili. Kwa hiyo nilitakiwa kulipa 614 kwa mwezi nikiwa naingiza 2,600. Inaruhusiwa kuomba ipunguzwe kwa kiasi kisichozidi asilimia 25, nikaomba, ikashuka hadi karibu 460. Pango, umeme wa baridi, mdogo wangu yuko chuo Morogoro ananitegemea mimi. Miezi mitatu hiyo nililala nikipiga hesabu. Nilikuwa na akiba ya miezi minane, ndiyo iliyonibeba.

Kwa hiyo hesabu yangu ya kweli ya 2026 nikiwa na wateja wawili ni hii. 4,100 inaingia. 614 hifadhi ya jamii. Kodi ya mapato itakuwa kama euro 8,000 kwa mwaka, weka 700 pembeni kila mwezi. Inabaki kama 2,780. Toa 1,100 ya kuishi. Kinachobaki ni kizuri bado, sikatai, lakini ni tofauti sana na ile 3,000 uliyoihesabu ukiwa Tanga.

Mapya ni kwamba Januari hii nimepata mteja mwingine. Nashukuru Mungu. Ila kanuni niliyojiwekea ni kwamba kipato cha viza ni cha kuonyesha, akiba ndiyo ya kuishi. Kama huna akiba ya miezi 8 nje ya ile wanayoiomba ubalozini, usije.

Shangani_Sofia:

Dada Mtanga, hongera kwa uzi. Mimi ni Mzanzibari, nimeoa Bulgaria, naishi Sofia mwaka wa sita sasa, kibali changu ni cha ndoa kwa hiyo sizungumzii viza. Nizungumzie maisha tu. Kodi ya mapato huku ni asilimia 10 kwa wote, tajiri na maskini. Nchi imeingia Schengen, eneo la kuvuka mipaka bila ukaguzi, kwa ndege na bahari 31 Machi 2024, kwa barabara 1 Januari 2025, na tangu 1 Januari mwaka huu tunatumia euro. Nyumba zina joto, kwa sababu Sofia maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa mji na kupita kwenye maghorofa mengi. Hilo la kukaa nyuzi 12 ndani huku halipo. Ugumu ni lugha na herufi zake, na watu huchukua muda kukuzoea. Mke wangu ndiye aliyenifungulia kila mlango, na bila yeye ningekuwa bado nasimama kwenye foleni nisiyojua ni ya nini.

Mtanga_Mlimani:

Shukran kaka. Asilimia 10 ni kitu kikubwa, nisingeficha hilo. Wenye wenza au chuo huko waifikirie Bulgaria kwa dhati. Niongeze hapohapo, maana nimeulizwa sana: ile kadi ya Estonia ya ukaazi wa kielektroniki, iliyoanza 2014, haikupi ruhusa ya kuishi Estonia wala kuingia Ulaya. Ni ya kufungua na kuendesha kampuni ukiwa mbali. Estonia ina viza yake ya wafanyakazi wa mtandaoni tangu 2020, hicho ni kitu kingine. Na Croatia wana kibali chao tangu 2021, kipato cha kutoka nje hawakitozi kodi, lakini muda wake wote ukiisha huwezi kukiomba tena hapohapo, unatoka kwanza. Anayetaka kutulia na kuhuisha kibali mwaka hadi mwaka, Croatia ni kituo tu.

MamaZuwena_Amadora:

Mwanangu Mtanga, shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Mimi niko huku Amadora, pembeni mwa Lisbon, mwaka wa 14. Hesabu zako ni sahihi, ila nataka nikuambie jambo ambalo halimo kwenye hesabu. Huku nikishuka kituoni nasikia watu wa Cabo Verde, Angola, Msumbiji. Unga wa mahindi naununua dukani kwa jina la fuba, sembe yangu haijawahi kukatika. Mwanangu anasukwa Jumamosi kwa mtu ninayemjua. Mwaka juzi nilipofiwa na kaka yangu Pangani, nyumba yangu ilijaa watu siku hiyohiyo, Wamakonde wa Cabo Delgado wakanisomea dua kwa Kiswahili. Wewe ukipata msiba huko mlimani, nani atakuja? Pango la 430 lina gharama yake nyingine.

Mtanga_Mlimani:

Shikamoo mama. Nimesoma ulichoandika nikakaa kimya muda.

Ni kweli. Mwaka wa kwanza nilipitisha Idi peke yangu. Nilipika pilau, nikampelekea bibi wa ghorofa ya chini sahani, akanirudishia sahani ileile ikiwa na cheri, maana bonde hili lote hadi Fundão ni la cheri. Tangu siku hiyo ananigongea. Lakini bibi mmoja siyo nyumba iliyojaa watu, na sitaki kumdanganya mtu yeyote hapa kwamba ni sawa.

Lililonisaidia ni lugha, na lilianza kwa namna ambayo sikuitarajia. Wiki ya pili niliingia duka la vitu vya nyumbani la mzee mmoja, Kireno changu kilikuwa salamu tu. Nilitaka foronya. Nikaonyesha mto kwa mikono, hakuelewa. Nikakata tamaa nikajisemea kwa sauti, kwa Kiswahili, "foronya jamani." Akaniangalia. "Fronha?" Akatoa nne. Nikaonyesha skrubu za rafu, nikakumbuka bibi yangu alikuwa akiziita parafujo. Nikamwambia parafujo. Akasema "parafuso!" akaita mke wake kutoka nyuma aje asikie. Tukaendelea: meza, kopo, bendera, nanasi, leso. Miaka mia tano maneno yamekaa midomoni mwetu pwani, tunayatumia bila kujua yalikotoka, na mimi nikayarudisha kwenye duka la mtu mlimani. Hatukuongea habari ya Fort Jesus siku hiyo. Lakini nilitoka pale najua naweza kujifunza lugha hii, na sasa nasoma Kireno cha ngazi ya A2 jioni mbili kwa wiki.

Mama, nitakuja Amadora mwezi ujao. Treni ni euro 20.

MamaZuwena_Amadora:

Njoo mwanangu. Nitakutumia namba. Na usilale hotelini.

Daudi_wa_Kigamboni:

Dada nina mke na watoto wawili, 4 na 7. Naweza kuja nao? Na vipi kuhusu uraia, nasikia ni miaka 5?

Mtanga_Mlimani:

Ndugu Daudi, hapa sheria zimebadilika sana, kwa hiyo chukua nilichonacho kisha kapitie na mwanasheria.

Familia: sheria ya Oktoba 2025 imewawekea wahamiaji wengi sharti la kukaa kihalali miaka 2 kabla ya kuomba kuunganishwa na familia, ila kuna nafuu, hasa kwa watoto wadogo. Uliza kabla ya kuomba viza yako, siyo baada, na uliza kwa maandishi. Usimwambie mtoto wa miaka 4 "nakuja kukuchukua baada ya mwezi" kwa kutegemea maneno ya uzi wa 2023.

Uraia: ulikuwa miaka 5. Oktoba 2025 bunge lilipitisha iwe 10 kwa walio wengi, 7 kwa raia wa Umoja wa Ulaya na wa nchi zinazozungumza Kireno. Desemba Mahakama ya Katiba ikakataa baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Usijenge mpango wa familia juu ya jambo ambalo limekuwa likibishaniwa. Na kumbuka kwetu Tanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine anapoteza wa kwetu. Mkenya tangu katiba ya 2010 hana tatizo hilo. Sisi tunalo, na mimi sijaamua. Baba yangu ana shamba Muheza ambalo anataka mimi nilisimamie, nikilifikiria hilo suala la pasi linakuwa zito sana.

KijanaWaRongai:

Nimesoma yote mara mbili dada. Nimeamua mwaka huu sitaomba. Natafuta mteja wa pili na naanza kuingiza hela zote benki moja kama ulivyosema. Swali la mwisho: wewe ukirudi leo Tanga kufunga sanduku upya, ungebeba nini?

Mtanga_Mlimani:

Kaka, umeamua vizuri, na nikuombe urudi hapa ukishapata huyo mteja.

Sanduku: vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule, kila kimoja na nakala mbili zilizothibitishwa, maana kutafuta cheti cha kuzaliwa ukiwa huku ni safari. Leseni ya udereva. Dawa unazotumia pamoja na karatasi ya daktari. Viungo vya pilau, kwa kuwa iliki hapa mlimani inauzwa kwenye kichupa kidogo kama dhahabu. Usibebe nyama wala maziwa wala samli, haviruhusiwi kuingia Ulaya, vitatupwa mbele ya macho yako uwanja wa ndege. Dagaa wakavu wanaruhusiwa kwa kiasi.

Nguo za baridi usinunue mtumba Nairobi, nunua huku Februari wakati wa punguzo. Lakini bebea nafasi ya blanketi moja zito la nyumbani. Mimi nililiacha la mama kitandani Tanga nikisema Ulaya blanketi zipo. Zipo. Desemba hii nikienda nalichukua.